Chungu Huyu ni Nani? Picha Tatu za Simu Zinaweza Kujibu



Juma hili tunazungumza juu ya wadudu tunaowaona kila siku, lakini tunawaita kwa majina machache tu. Wakipita kwa mstari na kuuma vikali, ni siafu. Akiwa mwekundu juu ya mwembe, ni maji moto. Akiwa mdogo ndani ya sukari, ni sisimizi. Wengine wote ni "chungu tu". Hata hivyo, wataalamu wamekwisha kuandika zaidi ya aina 14,000 za chungu duniani, na misitu yetu ya Kongo ina aina nyingi sana.

Kwa nini mama mwenye mtoto mgongoni na sombe jikoni ajishughulishe na jina la chungu? Sababu ya kwanza ni afya ya watoto: wako wadudu wanaofanana na chungu ambao si chungu, na dawa ya kosa hilo ni kujua kutazama. Sababu ya pili ni kwamba chungu wa nadra hukaa mahali ambapo mikono ya wanawake hufika kila siku: chini ya jembe, ndani ya kuni, chini ya majani makavu. Mtaalamu anaweza kupita msituni mwezi mzima bila kumwona mdudu ambaye wewe umemfunua leo ukipasua kuni.

KWANZA: JE, NI CHUNGU KWELI?

Picha nyingi ambazo watu huonyesha wakisema "nimeona chungu wa ajabu" si za chungu. Kabla ya kutafuta jina, tazama mambo mawili.

La kwanza ni papasi, zile pembe laini za kichwani. Papasi za chungu zimepinda kama kiwiko cha mkono. La pili ni kiuno. Kati ya kifua na tumbo, chungu ana kiungo chembamba chenye kifundo kimoja au viwili, kama fundo kwenye kamba. Mdudu asiye na kifundo hicho si chungu.

Kumbikumbi tunaowakaanga wakati wa mvua si chungu wenye mabawa. Ni mchwa. Kiuno chao ni kinene, papasi zao zimenyooka kama ushanga mdogo uliotungwa, na mabawa yao manne yana urefu sawa. Chungu mwenye mabawa ana kiuno chembamba, na mabawa yake ya mbele ni makubwa kuliko ya nyuma.

Yuko pia buibui mdogo anayejifanya chungu. Mwili wake umegawanyika kama wa chungu, naye huinua miguu miwili ya mbele ionekane kama papasi. Hesabu miguu kwenye picha: chungu ana sita, buibui ana minane. Na yuko nyigu jike asiye na bawa, mwenye manyoya na mara nyingi madoa meupe mgongoni, anayetembea peke yake juu ya udongo. Watoto humpenda kwa uzuri wake, lakini mwiba wake unauma sana. Wakanye wasimshike.

MDUDU WA KUJIHADHARI NAYE

Zaidi ya hao wote, kuna mmoja ambaye kila mama anapaswa kumjua. Ni mbawakawa mwembamba, urefu wake karibu milimita 7 hadi 10. Kichwa chake ni cheusi, kifua chekundu-machungwa, katikati ana mabawa mafupi yenye rangi ya bluu iliyokolea, kisha tumbo jekundu-machungwa lenye ncha nyeusi. Akitembea huinua mkia. Wataalamu humwita Paederus. Wakati wa mvua hufuata mwanga wa taa usiku na kuanguka juu ya kitanda.

Mdudu huyu haumi wala hachomi kwa mwiba. Sumu imo ndani ya mwili wake. Ukimponda juu ya ngozi, baada ya siku moja au mbili ngozi inakuwa nyekundu, inawaka na kutoa malengelenge kama mtu aliyeungua moto. Mara nyingi mama hudhani mtoto amemwagikiwa na kitu cha moto, au ameumwa na chungu asiyejulikana.

Basi ukimwona juu ya mtoto, usimponde. Mpulize aondoke, au mwondoe kwa karatasi. Osha mahali alipopita kwa maji na sabuni, osha na mikono yako, wala usiguse macho. Sumu ikifika jichoni, osha kwa maji safi mengi na uende kituo cha afya.

PICHA TATU, SIYO MOJA

Shirika la sayansi la California Academy of Sciences, huko San Francisco nchini Marekani, lilianza mwaka 2002 kuweka kwenye intaneti picha za chungu wa dunia nzima, katika mkusanyo unaoitwa AntWeb. Kila chungu hupigwa picha kwa njia ile ile: uso kwa mbele, mwili kwa ubavu, na mwili kwa juu. Ubavu unaonyesha vifundo vya kiuno. Uso unaonyesha macho, taya na papasi. Juu panaonyesha umbo la tumbo. Picha moja tu, hasa ile ya kutoka juu peke yake, huficha mambo mengi.

Nasi tunaweza kufuata njia hiyo kwa simu ya kawaida:

– Pangusa kwanza kioo cha kamera kwa kitambaa laini. Mafuta ya jikoni juu yake huharibu picha nyingi.

– Weka chungu kwenye sahani nyeupe, kivulini, mchana. Usimshike kwa vidole. Mwache apande kwenye jani au kijiti.

– Tia tone dogo la maji ya sukari kwenye sahani. Chungu wengi wakinywa hutulia, nawe unapata nafasi.

– Usivute picha kwa vidole juu ya kioo. Sogeza simu yenyewe mpaka mahali ambapo bado inaona vizuri. Piga picha kumi, utapata mbili nzuri.

– Weka punje ya mchele au kijiti cha kibiriti karibu naye, ili ukubwa wake uonekane.

– Kama ni kundi, piga picha ya wakubwa na wadogo. Kuna chungu ambao ndugu wa kiota kimoja hawafanani kabisa.

– Andika siku hiyo hiyo tarehe, kijiji au mtaa, na mahali ulipomkuta: ndani ya kuni, chini ya jiwe, juu ya mhogo, karibu na taa. Picha nzuri isiyo na mahali wala tarehe ina faida ndogo.

Ukituma picha kwa WhatsApp, itume kama hati, siyo kama picha ya kawaida, kwa maana ikibanwa inapoteza vile vitu vidogo tunavyovitafuta.

KUSOMA PICHA

Hesabu vifundo vya kiuno. Vikiwa viwili, tazama tumbo. Likiwa na umbo la moyo, na chungu huliinua juu ya mgongo anapokasirika, huyo ni wa ukoo wa Crematogaster, ambaye hukaa sana katika miti. Vikiwa viwili na kundi lina wafanyakazi wadogo pamoja na wengine wenye vichwa vikubwa kupita kiasi, mara nyingi ni Pheidole.

Kifundo kikiwa kimoja, na mwili ni mwembamba wenye miguu mirefu, na kiota ni majani yaliyoshonwa pamoja, ni maji moto wetu. Hushona kwa uzi unaotolewa na watoto wao wachanga, ambao wafanyakazi hushika midomoni kama sindano.

Chungu mkubwa mweusi anayetembea peke yake na kutoa harufu mbaya akishikwa mara nyingi ni Paltothyreus. Lakini weusi wanaokwenda kwa jeshi kushambulia mchwa, kisha kurudi wamebeba mawindo, ni Megaponera. Hawa wana jambo la kushangaza. Watafiti waliowafuata huko Côte d'Ivoire walitangaza mwaka 2017 kwamba hubeba wenzao walioumizwa vitani na kuwarudisha nyumbani, ambako hupona na kwenda vitani tena.

Siafu nao wana alama yao: wafanyakazi hawana macho. Na yule mdudu mnene wa rangi ya kahawia, mwenye mabawa na tumbo kama soseji, anayegonga taa usiku na kutisha watoto, mara nyingi ni siafu dume. Hana mwiba, hakuna chungu dume mwenye mwiba. Siafu wa kuogopwa ni jeshi la wafanyakazi. Wakiingia nyumbani usiku, mtoe kwanza mtoto mchanga, kisha wagonjwa na wanyama waliofungwa. Hapo si wakati wa picha.

WALE WASIOONEKANA

Chungu wa nadra mara nyingi si mchache kwa hesabu. Amejificha tu. Mfano ni Melissotarsus, mdogo sana, anayeishi ndani ya magome ya miti hai. Miguu yake ya katikati imeelekea juu ili kushika dari ya njia anazochimba. Ukimweka juu ya sahani, hawezi kutembea vizuri. Anayepasua magome ana nafasi ya kumwona kuliko anayepita barabarani.

Tetraponera naye anakaa ndani ya matawi matupu ya mti wa Barteria msituni. Mguse mti wake, naye atashuka kukuchoma. Ni mweusi, mwembamba, ana macho makubwa na vifundo viwili. Huyo mpigie picha kwa mbali.

Elimu kubwa ya chungu wa nchi yetu ilianza na safari ya Herbert Lang na James Chapin, waliotumwa na makumbusho ya viumbe ya New York kati ya mwaka 1909 na 1915. Walipita Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, wakafika Medje na Faradje. Chungu waliokusanya walielezwa na William Morton Wheeler katika kitabu kikubwa cha mwaka 1922. Baadhi ya chungu hao walitolewa ndani ya matumbo ya vyura! Chura alikuwa amefika mahali ambapo wageni hawakufika. Sisi, wenyeji wa mahali hapo, tunaweza kufanya zaidi ya chura.

Yuko pia mgeni wa kuangaliwa. Wasmannia ni chungu mdogo wa rangi ya dhahabu-kahawia, karibu milimita moja na nusu, aliyetoka Amerika. Yuko Gabon na Kameruni tangu zamani. Anachoma vikali kwa udogo wake, hufukuza chungu wa kienyeji, na hudhuru macho ya wanyama. Ukiona chungu wadogo wa namna hiyo wamejaa shambani ghafula, piga picha na umwonyeshe mtaalamu wa kilimo.

JINA LA HARAKA SI LAZIMA LIWE KWELI

Ziko programu za simu, kama iNaturalist, ambazo hupokea picha na kupendekeza jina. Zinasaidia, lakini programu hukisia kwa kulinganisha na picha ilizokwisha kuona, na chungu wa kwetu wamepigwa picha kidogo kuliko wale wa Ulaya. Ikikupa jina la chungu wa Ufaransa, usishangae na usikubali. Ngoja jibu la mtu anayejua.

Na mjue kwamba mara nyingi mtaalamu mkweli atasema, "Ni wa ukoo huu; zaidi ya hapo picha haitoshi." Aina nyingi hutofautiana kwa nywele au mistari ambayo huonekana kwa darubini tu. Jibu hilo si kushindwa. Kujua ukoo kwatosha kwa kujua kama anachoma, anakula nini, na kama analinda shamba au analiharibu.

Jambo moja la usalama: usitangaze mahali kamili pa nyumba yako, wala uso wa mtoto. iNaturalist inaruhusu kuficha mahali kamili.

KATIKA KIKUNDI

Siku ya mkutano, simu moja nzuri yatosha kwa wote. Kila mama alete habari ya chungu mmoja pamoja na jina analoitwa kwa lugha ya nyumbani. Andikeni majina hayo karibu na picha. Bibi zetu wanajua chungu yupi hutangaza mvua na yupi hupenda mhogo uliooza, na elimu hiyo haimo katika kitabu cha mwaka 1922. Wapeni watoto kazi ya kuhesabu miguu na vifundo. Wana macho makali kuliko yetu.

Na mtoto akichomwa na mdudu yeyote, kisha uso au midomo ikavimba, au akapumua kwa shida, msikawie kutafuta picha wala jina. Mpelekeni kituo cha afya mara moja. Kama mdudu ameonekana na kuna mtu mwingine karibu, yeye ndiye apige picha na kuwafuata nayo.