Kumsikiliza mraibu ni kazi ya kusomea

Februari 2011, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilipofungua kliniki ya methadoni, watumiaji wa heroini wa Dar es Salaam walipata dawa ya kuwaondolea arosto, yaani maumivu ya kukosa unga. Mtu anafika dirishani kila siku, anakunywa dozi yake mbele ya mhudumu, anaendelea na shughuli zake. Mwananyamala nako kukafunguliwa kliniki, kisha Temeke. Lakini mtu huyo akishatulia mwili, bado anarudi mtaa uleule wenye maskani ileile, kwa mama ambaye vyombo vyake viliuzwa kwa ajili ya kete.

Mambo hayo ni ya mnasihi, na kwetu kazi hiyo bado inadhaniwa kuwa ya yeyote mwenye huruma na maneno mazuri. Sikubaliani na dhana hiyo hata kidogo. Tazama mbinu moja tu anayojifunza mwanafunzi wa uzamili, ile aliyoianza mwanasaikolojia William Miller mwaka 1983 na kuikuza pamoja na Stephen Rollnick. Mteja anasema, “Mimi nitaacha siku nikitaka.” Wengi wetu tungembishia papo hapo, tumhesabie miaka aliyopoteza, naye angeanza kujitetea. Mwanafunzi anafundishwa kujibu, “Kwa hiyo wazo la kuacha limewahi kukujia. Lilikujaje?” Kisha ananyamaza. Kunyamaza huko ndiko kugumu, na hakujifunzwi kwa kusoma kitabu usiku wa kuamkia mtihani. Mazungumzo yanarekodiwa kwa ridhaa ya mteja, msimamizi anayasikiliza na kumwonyesha mwanafunzi pale alipoharakisha, pale alipohubiri, pale mteja alipotaka kusema jambo akakatizwa.

Mahubiri yana gharama. Mtu aliyekaa miezi bila unga, mwili wake hauhimili tena kipimo cha zamani. Akirudia kukitumia, pumzi inaweza kukatika. Aliyeteleza akiogopa kusutwa huficha, na anayejificha hutumia peke yake, mahali ambapo hakuna wa kumwokoa. Mnasihi aliyefunzwa anamzoeza mteja mapema kusema “nimerudia” bila kuona aibu, na anajua la kufanya akishaambiwa.

Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kinatoa shahada ya uzamili ya saikolojia tiba, na huo ni msingi mzuri. Ningependa uraibu upewe nafasi yake kamili katika masomo ya namna hiyo, na mafunzo ya vitendo kliniki yasipunguzwe kwa kisingizio cha bajeti. Pia mlango usifungwe kwa waelimishaji rika, watu waliopita katika uraibu wakatoka, ambao mara nyingi ndio wa kwanza kuaminiwa na wateja. Wapo ambao hawakumaliza hata sekondari kwa sababu ya unga huohuo. Wawekewe ngazi ya cheti, kisha stashahada, hadi shahada, na kazi wanayoifanya sasa ihesabiwe humo.