Kete Ileile Baada ya Mahabusu

Mganga wa Samuye anayempokea kijana aliyetoka mahabusu hana budi kumwuliza, faraghani na bila kumhukumu, iwapo alikuwa akitumia unga. (Akiogopa, atadanganya.) Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 huhesabu hata utumiaji wa heroini kuwa kosa, msafirishaji aweza kufungwa maisha.

Hatari ninayoihofia zaidi huja baada ya kuachiwa. Arosto, yaani maumivu, kuhara na kukosa usingizi, huanza saa chache baada ya kete ya mwisho. Ni mateso, ila huua mara chache. Lakini baada ya majuma machache bila unga, mwili huwa haujauzoea tena. Kete ileile ya zamani sasa huzima pumzi: mboni husinyaa kama kichwa cha pini, midomo huwa ya buluu. Msaidieni kupumua kwanza, mchomeni naloksoni, wala msimwache, kwani nguvu yake huisha mapema kuliko ya heroini.

Methadoni, iliyoanza kutolewa Muhimbili Februari 2011, hupatikana pia Sekou Toure, Mwanza. Hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Nauli na malazi vipangwe pamoja na rufaa.