Rangi za Mafuta Zataka Subira

Ukutani kwangu hapa Mombasa pana picha ya mlango wa nyumba ya marehemu babu. Nyumba ilibomolewa, mlango ukauzwa nisijue ulikokwenda. Kilichosalia ni picha hiyo, niliyoichora mwenyewe kwa rangi za mafuta katika wiki ya mwisho kabla ya kubomolewa. Nayo, ndugu msomaji, imepasukapasuka kama ardhi ya kiangazi. Wa kulaumiwa ni mimi.

Kosa lilianzia dukani. Wazee walisema rahisi huvunja upishi, nami siku ile nikasahau. Rangi ya mafuta ni unga wa rangi uliosagwa pamoja na mafuta, aghalabu ya mbegu za kitani. Katika rangi za bei nafuu unga huo hupunguzwa na vijazio huongezwa, ikawa hafifu. Basi soma maandishi ya ubavuni mwa tyubu. PW6 ni nyeupe ya titani. PB29 ni buluu ya ultramarini. Tyubu yenye alama moja huchanganyika vizuri. Yenye tatu au nne, ukiikoroga na nyingine, huelekea kuwa tope. Tazama pia kama yastahimili mwanga. Mwenye fedha chache heri anunue tyubu tano njema kuliko ishirini dhaifu: nyeupe, njano, nyekundu, buluu na kahawia.

Kosa la pili, lililo kubwa zaidi, ni haraka. Rangi hizi hazikauki kama kanga kambani. Maji ya kanga huchukuliwa na upepo. Mafuta ya kitani hayaendi popote, bali huvuta oksijeni ya hewani polepole hata yakagandamana. Ya nazi usiyajaribu, hayakauki asilani. Tabaka jembamba hutaka siku kadhaa; lililo nene huweza kutaka miezi. Ndipo ikawekwa kanuni: tabaka la chini liwe na mafuta machache, jembamba, limepunguzwa kwa tapentaini, kila linalofuata lizidi mafuta kidogo.

Mimi nilipindua. Chini nilipaka rangi nzito iliyojaa mafuta. Kesho yake, juu, nyepesi ya tapentaini. Ya juu ikakauka upesi, ya chini ingali inacheza. Nyufa zikaja.

Na matambara yenye mafuta ya kitani usiyarundike pembeni: hupata joto yenyewe hata yakawaka moto. Yatie majini ndani ya mkebe wa bati wenye kifuniko.

Huulizwa mbona siichori upya. Nichore nikitazama nini? Nakshi zile sizikumbuki zote. Lakini wewe ambaye mlango wa wazee wako ungali umesimama, anza leo, kabla hujapewa wiki moja kama mimi. Chini paka nyembamba, kisha ngoja. Subira huvuta heri. Kwa rangi za mafuta, huvuta na umri.