MABEKI WAMELALA, MATUSI KWA KIPA!

Usiku ule nilidhani runinga ya braza imepata wazimu. Pembeni ya kioo pameandikwa 9-8, wakati mimi nilishaelezwa kwamba mchezo ule huisha 3-2, ukizidi sana 5-4. Nikauliza kwa upole, "Braza, hii siyo basketi?" Hakujibu. Alikuwa ameshavua ndala moja, na sekunde iliyofuata ndala ikagonga ukuta.

Ilikuwa Oktoba 27, 2011, Philadelphia, Marekani. Nilikuwa nimefikia kwa huyu mtoto wa mjomba wangu, ambaye aliihama Magomeni zamani, na huko alikohamia akazimika na Flyers, timu ya hoki ya barafuni yenye jezi za rangi ya chungwa. Wageni wa siku hiyo walikuwa Winnipeg Jets kutoka Kanada. Yaani Flyers wako kwao, mbele ya watu wao, wametia mabao manane na bado wamelala! Makipa wawili waliingia, na wote wawili wakatunguliwa.

"Dogo, tatizo letu ni kipa tu," braza alisema baada ya kwenda kuiokota ndala yake. "Miaka nenda miaka rudi, kipa!"

Nikanyamaza. Nilikuwa na sababu zangu, nitazisema mbele.

Mpenzi msomaji, kama hujawahi kuuona mchezo huu, ngoja nikupe picha. Kila upande una watu sita: kipa, mabeki wawili na mafowadi watatu. Wamevaa viatu vyenye chuma kama kisu chini na wanateleza kwa kasi ya daladala iliyokosa abiria. Mpira wenyewe siyo mpira, ni kisahani cha raba ngumu, unene inchi 1, upana inchi 3, uzito kama gramu 170, na kabla ya mechi wanakigandisha kwenye friji ili kisidundedunde. Shuti kali linapita kilomita 150 kwa saa. Goli lina upana wa futi 6 na kimo cha futi 4, na kipa amevalishwa mito kila mahali mpaka anafanana na godoro lililosimamishwa mlangoni.

Sasa sikia hili. Kipa anayesifiwa huokoa mashuti kama 91 katika kila 100. Anayeokoa 88 anaitwa kimeo na kutafutiwa basi la kumtoa mjini. Tofauti yao ni mashuti matatu tu! Na hayo matatu, jamani, yalipigwa kutoka wapi? Nani aliyeachwa huru mbele ya goli? Hapo ndipo watu wa Philadelphia hawataki kabisa kuangalia.

Tuwaonee huruma kidogo, kwa sababu jiji lile lina kidonda cha zamani. Mwaka 1974 na 1975 Flyers walibeba Kombe la Stanley, lile kombe kubwa la ligi ya NHL, na golini alisimama Bernie Parent. Mechi ya kutwaa kombe 1974 hakufungwa, wakashinda 1-0 dhidi ya Boston. Mechi ya kutwaa kombe 1975 hakufungwa tena, 2-0 dhidi ya Buffalo. Watu wakabandika vikaratasi nyuma ya magari yao kutangaza kwamba ni Mungu peke yake anayeokoa kuliko Bernie Parent. Februari 1979 gongo likampata jichoni, uchezaji wake ukaishia hapo. Akaja Msweden, Pelle Lindbergh, akatangazwa kipa bora wa ligi 1985, na Novemba mwaka huohuo akafa kwa ajali ya gari akiwa na miaka 26. Akaja Ron Hextall, 1987 akapewa tuzo ya mchezaji bora wa mtoano mzima wakati timu yake imefungwa kwenye fainali. Baada ya lile kombe la 1975, Flyers walifika fainali mara sita mpaka ile ya 2010, na mara zote sita walitoka kapa.

Mtu aliyepitia hayo, kila akifungwa anamtazama aliye golini. Namuelewa braza. Ila kumuelewa siyo kukubaliana naye.

Kwa sababu usiku ule wa 9-8 mimi nilikuwa natazama kitu kingine. Kijijana wa Winnipeg anasimama hatua mbili kutoka golini, peke yake, anajipanga kama mtu anayengoja chai. Beki yuko wapi? Beki kamfuata mwenzake pembeni, wamekuwa wawili kwa mtu mmoja. Kipa kapiga magoti, kisahani kimemgonga kikarudi mbele, hakuna wa kukiondoa. Wakati mwingine mabeki wenyewe wanasimama mbele ya kipa wake na kumziba macho, shuti linapita katikati ya miguu yao na yeye analiona likishafika. Kwenye runinga unamwona nani? Unamwona kipa anageuka kukiokota nyavuni.

Nikamuuliza braza, "Lile jitu lenu namba 20 mbona silioni?"

"Pronger? Kaumia jicho juzi."

"Ehee."

"Ehee nini?"

Chris Pronger ndiye aliyekuwa nahodha, beki wa futi 6 na inchi 6, mtu asiyependa mchezo na mtu yeyote mbele ya goli lake. Oktoba 24, siku tatu kabla ya lile balaa, gongo la mpinzani lilimpiga jichoni. Alirudi kidogo, na Novemba 2011 akacheza mechi yake ya mwisho maishani, kichwa hakikumruhusu tena. Siku tatu tu msomaji! Beki katoka, mabao tisa yakaingia, na jiji zima asubuhi linataka kichwa cha kipa.

Halafu rudi nyuma mwaka mmoja. Mwaka 2010 Flyers walifika fainali na kipa Michael Leighton, ambaye Desemba 2009 timu yake iliamua haimhitaji na wao wakamuokota. Kipa wa kuokota! Lakini mbele yake alikuwepo Pronger mzima, na kwenye nusu fainali dhidi ya Montreal huyo Leighton alimaliza mechi tatu bila kufungwa hata moja. Fainali wakakutana na Chicago. Juni 9, dakika za nyongeza, Patrick Kane akapiga kutoka pembeni, kisahani kikapotea chini ya nyavu. Uwanja mzima ukaduwaa, Kane peke yake akaanza kukimbia akishangilia. Kombe likaenda. Katika mtoano wote ule watu walikumbuka bao hilo moja.

Mwaka 2011 Pronger akaumia mkono na mgongo, mtoano akacheza mechi chache tu. Flyers wakabadilisha makipa watatu, Bobrovsky, Boucher na Leighton, wote walianza mechi katika mtoano mmoja. Boston wakawatoa 4-0. Wakubwa wa timu wakakaa, wakaumiza kichwa, wakatoka na jibu: tununue kipa! Juni 2011 wakawauza Mike Richards na Jeff Carter kwa siku moja, kisha wakamsainisha Mrusi Ilya Bryzgalov kwa miaka 9 na dola milioni 51. Huko walikokwenda, Richards na Carter walikuja kubeba kombe pamoja na Los Angeles 2012, na tena 2014. Mnaona mambo hayo?

Bryzgalov mwenyewe alikuwa kichekesho, sitamtetea kwa kila kitu. Baada ya ile 9-8 aliwaambia waandishi kwamba amepotea porini. Mbele ya kamera za filamu moja ya televisheni akaanza kueleza ulimwengu ulivyo mkubwa. Siku moja kabla ya mechi maalumu ya uwanja wa wazi, Januari 2, 2012, aliwatangazia waandishi kwa furaha kwamba yeye hachezi, kwa hiyo timu ina nafasi ya kushinda. (Wakafungwa 3-2 hivyohivyo, na aliyekaa golini siku hiyo ni Bobrovsky.) Na mechi ya mwisho ya mtoano wa 2012 dhidi ya New Jersey, alijaribu kuuondosha mpira, ukamgonga adui na kurudi golini. Hilo ni lake, hakuna beki wa kusingizia.

Lakini Februari 2012 Flyers waliwaleta mabeki wawili wakubwa, Grossmann na Kubina. Machi, Bryzgalov huyuhuyu aliyepotea porini alikaa dakika 249 na sekunde 43 bila kufungwa, akaivunja rekodi ya klabu. Je, porini alitokaje? Mimi nina jibu langu. Braza alisema ni bahati.

Sasa nitoe hizo sababu zangu. Nikiwa darasa la sita nilikuwa kipa wa timu ya chandimu ya mtaani kwetu. Tulikwenda kucheza na watoto wa mtaa wa pili, tukapigwa tano. Matatu kati ya hayo mfungaji alikuwa amesimama karibu yangu kiasi kwamba nilisikia anahema. Mabeki wetu walikuwa wamepanda mbele, kila mmoja anataka kufunga ili mabinti wa pale kwenye bomba la maji wamwone. Tukirudi nyumbani nilitembea peke yangu nyuma, wenzangu hawataki nisogee. Jioni mama aliniuliza kwa nini sili. Sikuwa na namna ya kumweleza. Wiki iliyofuata akawekwa kipa mwingine na wakapigwa sita. Nilifurahi, wallahi, na mpaka leo sioni aibu kusema nilifurahi.

Kwa hiyo naposikia "tatizo kipa tu" kuna kitu kinanipanda kooni.

Braza naye siyo mjinga, aliwahi kunibana vizuri. Juni 2012 Flyers, kwa kuwa walishafunga ndoa na Bryzgalov, walimtoa Sergei Bobrovsky kwenda Columbus ili wapewe nafasi tatu za kuchagua vijana. Mwaka 2013 Bobrovsky akatangazwa kipa bora wa ligi! Mwaka 2017, tena! "Columbus walikuwa na mabeki gani wa maana?" braza aliniuliza kwa simu. Sikuwa na jibu zuri. Kipa hodari yupo na anabeba watu, sikatai. Tatizo la Flyers ni kwamba waliyekuwa naye walimwona kimeo kwa sababu walimwangalia kupitia mabeki waliolala. Wakamtoa aliye mzuri, wakabaki na mabeki walewale.

Juni 2013 wakamlipa Bryzgalov ili aondoke: dola milioni 23, kidogokidogo kwa miaka 14, mpaka 2027. Mtu analipwa asidake! Msimu wa 2018-19 walitumia makipa wanane, rekodi ya ligi nzima. Wanane, msomaji. Ukifungwa na wanane tofauti, kweli bado unamtafuta wa tisa?

Mkasa wa mwisho ndio unaoniuma zaidi. Msimu wa 2019-20 kijana wao, Carter Hart, aling'ara, watu wakasema Parent amerudi. Mbele yake alikuwepo beki mkongwe, Matt Niskanen. Oktoba 2020 Niskanen akastaafu ghafla, na pengo lake halikuzibwa. Msimu uliofuata kijana yuleyule, miaka 22, akashuka mpaka mashuti 88 katika 100, timu ikafungwa mabao mengi kuliko timu yoyote kwenye ligi. Machi 17, 2021, Rangers wa New York waliwapiga 9-0, saba yakiingia katika kipande kimoja cha dakika 20. Mika Zibanejad peke yake, ndani ya kipande hicho, alifunga matatu na kutengeneza matatu. Siku nane baadaye wakakutana tena, wakapigwa 8-3, na Zibanejad akafunga matatu na kutengeneza matatu tena! Mtu kakufanyia hivyo Jumatano, Alhamisi ya wiki inayofuata unamwacha huru vilevile? Hapo kipa afanye nini, apige kelele za mwizi?

Nilimpigia braza kumpa pole. Akasema Hart ameisha. Nikamuuliza, "Niskanen yuko wapi?" Akakata simu.

Tulikaa muda bila kuuongelea mchezo huo. Halafu Juni 2024 Florida Panthers wakabeba Kombe la Stanley, na golini alisimama Bobrovsky yuleyule, akiwa na miaka 35, mbele yake Barkov na wenzake wanarudi kukaba kama wamelipwa kwa hatua. Kwenye benchi, kipa wa akiba alikuwa Anthony Stolarz, kijana ambaye Flyers walimchagua 2012 kwa kutumia nafasi mojawapo waliyopata walipomtoa Bobrovsky. Wote wawili walipita mikononi mwao! Juni 2025 Bobrovsky akabeba tena.

Asubuhi hiyo ya pili, Dar kumeshakucha, simu ikalia. Ni picha kutoka kwa braza, bila neno hata moja. Ilikuwa jezi ya chungwa namba 30, ya Bryzgalov, ile aliyonunua kwa mbwembwe 2011. Imelowa, imelala juu ya boneti ya gari lake, na pembeni kuna ndoo ya sabuni.