Mwenye Tarbushi na Mwenye Mzigo

Watu wengi, wakisikia habari za jeshi la Kiingereza, hufikiri kwanza juu ya mavazi yake: koti jekundu la gwaride na ile kofia ndefu ya manyoya ya dubu ivaliwayo na walinzi wa Jumba la Mfalme kule London. Kofia hiyo si urembo mtupu. Kikosi cha Grenadier Guards kiliipata baada ya vita vya Waterloo vya mwaka 1815, iwe ukumbusho wa kushindwa kwa walinzi wa Napoleon. Ndivyo ilivyo desturi ya jeshi hilo: kofia ya kikosi ni historia yake, tena ni daftari lake. Aliyeivaa alijulikana ni nani, ni wa kikosi gani, na akifa jina lake liandikwe wapi.

Leo twapenda kuitazama desturi hiyo tukiwa tumesimama mahali ambapo wengi hawapadhanii, yaani Kisaki, kusini ya milima ya Uluguru, katika mkoa wa Morogoro. Hapana shaka msafiri wa treni ya TAZARA hupita stesheni yake bila kujua kwamba kofia za karibu dola nzima ya Kiingereza zilipata kukutana katika nchi hiyo ya mto Mgeta.

Mambo yalikuwa hivi. Tarehe 26 Agosti, 1916, majeshi ya Kiingereza chini ya Jenerali Smuts yaliingia mji wa Morogoro. Wajerumani wa Von Lettow-Vorbeck walikuwa wamekwisha kuondoka, wakielekea Kisaki, ambako walikuwa na akiba ya chakula na silaha. Waingereza wakawafuata kwa kuizunguka milima pande zote mbili. Tarehe 7 na 8 Septemba askari wapanda farasi wa Afrika Kusini walishambulia Kisaki, kikosi kimoja leo na kingine kesho, bila kupatana, wakarudishwa nyuma mara zote mbili. Siku chache baadaye Wajerumani waliihama Kisaki kwa hiari yao, wakajichimbia handaki ng'ambo ya Mgeta. Mvua ikaanza, njaa na homa zikaingia kambi zote mbili, na majeshi yakakaa yakitazamana mpaka Januari 1917.

Katika kipindi hicho nani hakuonekana huko? Wazungu walikuwa na helmeti zao za jua na chepeo pana za kitambaa kizito. Wahindi walikuwa na vilemba. Mwisho wa mwaka walifika askari wa Nigeria, ambao sare yao ya gwaride ilikuwa tarbushi nyekundu na kizibao, mtindo ambao Malkia Victoria aliwachagulia askari weusi wa visiwa vya West Indies mwaka 1858, kwa kuiga askari wa Kifaransa wa Algeria. Koti jekundu lenyewe halikuwapo. Waingereza walilivaa vitani kwa mara ya mwisho kule Sudan mwaka 1885, kisha wakashika khaki, neno lililotoka Bara Hindi, maana yake rangi ya vumbi. Wekundu ukabaki kuwa wa sherehe, na vumbi likawa la vita.

Lakini jambo la kustaajabisha zaidi ni tarbushi za askari wetu Waafrika. Askari wa Mjerumani alivaa tarbushi iliyofunikwa kwa khaki, yenye kitambaa cha kukinga kisogo na sanamu ya tai wa Kaisari mbele yake. Askari wa King's African Rifles, yaani KAR, naye alivaa kofia ya duara ya khaki yenye kitambaa cha kisogoni, na siku za gwaride tarbushi yenye kishada. Kofia hizo zilikuwa ndugu wa tumbo moja. Wissmann, alipokuja kuivunja vita ya Abushiri mwaka 1889, alikwenda kwanza Cairo akaandikisha Wasudani waliokuwa wametumikia jeshi la Misri. Lugard naye, mwaka 1891, aliwatwaa Wasudani wa Emin Pasha na kuwatumia Uganda, na katika shina hilo ilichipuka sehemu moja ya KAR iliyoundwa mwaka 1902. Tarbushi ikaja nao pande zote mbili, kutoka Misri, na kabla ya Misri kutoka kwa Waturuki. Hata nambari za batalioni nyingine za KAR ziliandikwa juu ya kofia kwa tarakimu za Kiarabu. Basi huko Mgeta Mwafrika alimlenga Mwafrika, na kofia zilizowatenga zilikuwa zimetoka duka moja.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Mwaka 1917 Waingereza waliunda batalioni ya 6 ya KAR, na wengi walioandikwa humo walikuwa askari wa Mjerumani waliotekwa au waliojitoa. Mtu aliondolewa tai kichwani, akapewa kofia nyingine, akarudi vitani kupigana na wenziwe wa jana. Hatusemi hivyo kwa kuwalaumu. Askari yule alikuwa na mshahara, alikuwa na kikosi, na aliyemwajiri alimhesabu. Batalioni hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Tanganyika Rifles mwaka 1961, ikavunjwa baada ya maasi ya Januari 1964, na tarehe 1 Septemba ya mwaka huo huo likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Kofia ya kuazima ikavuliwa.

Sasa twauliza: je, yule asiyepewa kofia kabisa?

Huko Kisaki farasi walikufa kwa mbung'o, magari yalizama katika matope, na reli ilikuwa mbali nyuma ya milima. Kila risasi, kila kibaba cha unga, kila dawa ya homa ilifika juu ya kichwa cha mpagazi. Mahali pa tarbushi palikaa mzigo. Sare yake ilikuwa blanketi, na alama yake kibati chenye nambari. Katika vita vile vya Afrika Mashariki Waingereza peke yao walitumia wapagazi wapatao milioni moja, na wanaokadiria waliokufa hufika karibu na 95,000. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara, homa, baridi ya mvua na chakula wasichokizoea. Mjerumani naye aliwachukua watu wetu kwa nguvu, akala akiba za vijiji alimopita, na hesabu yao ni haba zaidi.

Tofauti hiyo yaonekana wazi kwa mfano mmoja. Tarehe 4 Januari, 1917, huko Behobeho, si mbali na Kisaki, aliuawa Kapteni Frederick Courteney Selous, mwindaji mashuhuri, mtu wa miaka 65, wa batalioni ya 25 ya Royal Fusiliers. Kaburi lake linajulikana mpaka leo. Mwaka 1922 pori kubwa la wanyama likapewa jina lake, na sanamu yake ya shaba ikawekwa London. Sehemu kubwa ya pori hilo, pamoja na kaburi, sasa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, tangu mwaka 2019. Hatumwonei kijicho marehemu huyo. Twasema tu kwamba waliobeba chakula alichokula asubuhi ya kufa kwake walikufa katika njia ile ile, na mwenye kuwatafuta hata kwa majina atapata taabu.

Mwaka 1927 palisimamishwa mjini Dar es Salaam sanamu ya Askari, mahali palipokuwa na sanamu ya Wissmann. Maneno yaliyochongwa chini yake, kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, huwataja wapagazi pia. Lakini aliyesimama juu, ameshika bunduki, ni mwenye sare. Kule Nairobi mpagazi alisimamishwa pamoja na askari. Hapa kwetu ukumbusho wake mkubwa umekuwa sokoni, kwa maana Kariakoo ni jina la kikosi chake, Carrier Corps, lililotamkwa kwa ulimi wetu. Maelfu hununua vitunguu hapo kila siku bila kujua wanamtaja nani.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vile, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina, na labda hawakukumbukwa kabisa. Kukiri ni mwanzo mwema, lakini si mwisho wa deni. Mwezi Januari 2025, mjini Cape Town, ulizinduliwa ukumbusho wa Waafrika zaidi ya 1,700 wa vikosi vya kazi, kila mmoja kwa jina lake. Basi majina hupatikana yakitafutwa. Neno kwamba hayakuandikwa ni kweli kwa wengine. Kwa wengine maana yake ni kwamba hakuna aliyefungua daftari.

Rai yetu ni hii. Orodha zilizosalia katika nyaraka za serikali, hapa nchini na Uingereza, zisomwe, na majina yasomekayo yatangazwe. Shule za Kisaki, Duthumi, Matombo na Mlali ziwatume watoto kwa wazee wao, waulize babu wa babu alikwenda wapi mwaka ule wa vita, na jibu liandikwe kabla halijazikwa. Kofia za vikosi vyote vilivyopita Mgeta zimehifadhiwa katika makumbusho ya ng'ambo, zimepigwa brashi, zina vibandiko. Mpagazi hakuacha kofia ya kuhifadhiwa. Aliacha jina, na hilo halihitaji kabati ya kioo. Lahitaji mtu wa kulitamka.