Nasaba ya Faili: Kutafuta Badala ya Mafaili ya Mfumo katika Kompyuta Kuukuu

Kusudi la makala hii ni kueleza namna mafaili ya mfumo yaliyopotea au kuharibika katika kompyuta kuukuu yanavyotafutiwa mengine ya kushika mahali pake. Huenda msomaji akauliza jambo hili la mafundi lahusu nini jarida la lugha. Majibu ni mawili. La kwanza ni kwamba wengi wetu tuliokusanya maneno na masimulizi ya lugha zetu tuliyaweka katika kompyuta ambazo leo ni kuukuu. Na kompyuta ikikataa kuamka, kazi ya miaka hubaki ndani yake kama nafaka katika ghala lisilo na mlango. La pili ni kwamba kanuni inayomwongoza fundi katika utafutaji huo ni ile ile imwongozayo mhariri wa miswada ya kale: jina la kitu si hoja, hoja ni nasaba yake. Mifano nimeitoa Musoma, Bunda na Butiama katika mkoa wa Mara, kwa kuwa ndiko nilikojifunza kanuni hiyo kwa gharama yangu mwenyewe.

I. Mafaili ya mfumo ni nini

Mafaili yaliyomo katika kompyuta ni ya namna mbili. Yako mafaili ya mwenye kompyuta, yaani barua zake, picha zake na orodha zake za maneno. Na yako mafaili ya mfumo, ambayo mwenyewe hakuyaandika wala aghalabu hayajui kwa majina, lakini ndiyo yanayoiamsha mashine na kuifanya isome, iandike na ionyeshe herufi. Tofauti yake yafanana na ile iliyoko kati ya mizizi ya maneno na viambishi. Mzungumzaji akisahau neno moja atalizunguka kwa maneno mengine, na ataeleweka. Lakini tukiviondoa viambishi katika sentensi "Vitabu vyangu vimepotea", yabaki "tabu angu potea", wala hapana wingi wa msamiati uwezao kuiponya.

Natuchukue mfumo wa Windows XP, uliotolewa mwaka 2001. Mashine ikiwashwa, faili liitwalo ntldr huanza kazi. Hulisoma faili la boot.ini ili lijue mfumo umekaa wapi katika diski; huliita ntdetect.com likague vifaa. Kisha huliingiza ntoskrnl.exe, ambalo ndilo kiini cha mfumo, pamoja na hal.dll, ambalo ni mkalimani kati ya kiini hicho na vifaa vya mashine. Moja katika hayo likikosekana, safari hukoma hapo hapo, na maandishi meupe hutokea juu ya kioo cheusi kulitaja faili lisiloonekana.

Ujumbe huo usisadikiwe upesi. Ni jambo lijulikanalo sana kwa mafundi kwamba mashine yaweza kulalamika kuwa hal.dll haipo, ilhali ipo salama mahali pake, na kosa liko katika boot.ini iliyoielekeza mashine kwenye sehemu ya diski isiyo na mfumo. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuhakikisha kwamba kilichotajwa ndicho kilichopotea. Mhariri mwema naye hasahihishi neno gumu mpaka awe na yakini kwamba kosa si la msomaji.

II. Safari ya Musoma, Bunda na Butiama

Mwaka 2019 kompyuta ya mezani niliyokuwa nimeiacha Musoma ilikataa kuamka, ikidai kwamba faili la hal.dll halipo. Ndani yake mlikuwa na orodha za maneno ya Kizanaki na Kikwaya, zilizopangwa kwa programu ya Shoebox, ambayo watafiti wengi wa kamusi waliitumia kabla ya kufuatwa na Toolbox. Fundi wa mjini aliitazama kitambo kidogo, akasema, "Mwalimu, hapa dawa ni kupiga Windows tu." Nilimwuliza kama orodha zangu zitabaki. Akajibu kwamba diski itasafishwa kwanza. Nikamshukuru, nikaichukua mashine yangu.

Jambo la busara nililofanya siku ile lilikuwa moja, nalo nalipendekeza kwa kila msomaji lifanyike kabla ya jingine lolote. Niliiamsha mashine kwa mfumo wa Linux uliowekwa katika flashi, ambao hauhitaji kugusa Windows iliyo mgonjwa, nikanakili mafaili yangu yote. Orodha zikawa zimeokoka. Au ndivyo nilivyodhani. Nilipozifungua katika kompyuta mpya niliona maneno ya Kikwaya ni mazima, bali ya Kizanaki yamevurugika. Sababu yake ni ya kiisimu. Kikwaya, kama Kijita, kina irabu tano, zinazotosheka na herufi za kawaida. Kizanaki, kama Kikuria, kina irabu saba, nasi twahitaji alama kama ɛ na ɔ. Kabla ya msimbo wa Unicode kuenea, alama hizo ziliandikwa kwa fonti maalumu, mathalani zile za SIL za mwaka 1993, ambazo ziliziweka alama za fonetiki katika nafasi za herufi nyingine. Fonti ikikosekana, kompyuta huonyesha herufi nyingine hizo, na irabu mbili zilizo tofauti katika usemi hugeuka kuwa alama zisizo na maana. Fonti yenyewe ningeweza kuinakili katika folda yake. Lakini nilipotaka kuzigeuza orodha ziwe za Unicode, nilihitaji kuziona katika sura yake ya asili, ndani ya programu yake ya asili, ili nilinganishe neno kwa neno. Mashine ile kuukuu ilikuwa shahidi, na shahidi hana budi kusema.

Nikaenda Bunda, ambako rafiki alikuwa na kompyuta yenye Windows XP ya toleo lile lile, iliyokwisha pokea kifurushi cha tatu cha marekebisho, kilichotolewa mwaka 2008, kama yangu. Nilinakili hal.dll yake nikaiweka mahali pa iliyopotea. Jina lilikuwa lile lile na toleo lile lile, lakini mashine iliganda palepale.

Kumbe jina hilo ni kama jina la ukoo. Windows XP ina mafaili kadha wa kadha ya ukalimani: halacpi.dll, halaacpi.dll, halmacpi.dll na mengineyo, kila moja kwa namna yake ya ubao na prosesa. Wakati wa kusakinisha, mfumo huichunguza mashine, huchagua moja linaloifaa, kisha hulipa jina jipya la hal.dll. Ukizitazama sifa za faili hilo, utaliona jina lake la ndani, lile la kuzaliwa. Faili la Bunda lilizaliwa halmacpi.dll, la mashine yenye prosesa zaidi ya moja; yangu, iliyo ya zamani zaidi, ilihitaji halacpi.dll. Habari hiyo niliipata katika mashine yangu mwenyewe: katika folda ya repair, ndani ya ile ya Windows, mna daftari la usakinishaji liitwalo setup.log, linaloandika kila faili lilitoka katika faili gani la asili. Daftari hilo ni sawa na maneno ya mwisho ya mswada, ambamo mnakili hutaja alinakili kutoka wapi.

Butiama nilikwenda kwa sababu mwalimu mmoja mstaafu alikuwa na diski ya kusakinishia. Katika diski ya namna hiyo mafaili yamo katika folda ya i386, mengi yakiwa yamebanwa, na herufi ya mwisho ya jina imebadilishwa kuwa kistari cha chini, hivyo halacpi.dll huonekana kama halacpi.dl_, na hukunjuliwa kwa amri ya expand. Faili nililolihitaji lilikuwamo. Lakini diski ilikuwa ya toleo la kwanza la mwaka 2001, na mfumo wangu ulikuwa umekwisha rekebishwa mara tatu. Mzee yule aliniambia, "Mwanangu, ukurasa wa kitabu cha zamani hauingii katika kitabu kilichopigwa chapa upya."

Alinena kweli, na Butiama ni mahali pazuri pa kulinena neno hilo. Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa pale, aliifasiri tamthilia ya Shakespeare juu ya Kaizari na kuitoa mwaka 1963, kisha akaisahihisha na kuitoa tena mwaka 1969, hata jina la kitabu likabadilika tahajia. Mwenye nakala ya 1963 iliyochanika ukurasa hawezi kuuziba kwa ukurasa wa 1969 kana kwamba hakuna kilichotokea kati ya miaka hiyo. Kitabu ni kimoja, mfasiri ni mmoja, lakini matoleo ni mawili.

Usiku ule nikaufungua tena mfumo wa Linux, nikaipekua diski yangu yote. Katika folda iitwayo ServicePackFiles, ambamo Windows huweka akiba ya mafaili mapya wakati wa kupokea kifurushi cha marekebisho, nililikuta halacpi.dll, la asili itakiwayo na la toleo litakiwalo. Nililinakili katika folda ya system32, nikaliita hal.dll, nikaiwasha mashine. Iliamka, na irabu saba za Kizanaki zikaonekana kila moja mahali pake. Faili nililolitafuta Bunda na Butiama lilikuwa nyumbani muda wote.

III. Mpango wa utafutaji

Kwa mafunzo hayo naweza kuutaja mpango ufuatao.

Kwanza, okoa mafaili ya mwenye kompyuta, pamoja na fonti zake, kabla ya kutengeneza chochote.

Pili, tafuta katika mashine yenyewe. Windows XP ina akiba katika folda za dllcache na ServicePackFiles, na wakati mwingine folda ya i386 imeachwa katika diski. Mifumo iliyofuata, kuanzia Windows Vista, huweka akiba yake katika folda ya WinSxS, na amri ya sfc huyalinganisha mafaili ya mfumo na akiba hiyo. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, amri ya DISM yaweza kuitengeneza hata akiba yenyewe.

Tatu, tumia diski ya kusakinishia iliyo ya toleo lile lile, kifurushi kile kile cha marekebisho na lugha ile ile.

Nne, iendee mashine nyingine iliyo ndugu, baada ya kulinganisha jina la ndani na namba ya toleo.

Ama yale mahali pa intaneti yanayogawa mafaili ya mfumo moja moja, nayaonya. Faili latoka huko likiwa na jina bila nasaba, na laweza kuwa limebeba virusi. Kadhalika Windows XP haipokei marekebisho ya kawaida ya usalama tangu tarehe 8 Aprili 2014. Kwa hiyo mashine iliyofufuliwa isiunganishwe na intaneti, bali iachwe itoe ushahidi wake na kupumzika.

IV. Maneno yenyewe

Yamebaki maneno, na hapa ndipo kazi yetu ilipo. Kitenzi "kupiga" kina uwezo mkubwa katika Kiswahili: twapiga chapa, twapiga pasi, twapiga simu. "Kupiga Windows" ni tunda halali la mti huo, wala sina ugomvi na umbo lake. Ugomvi wangu ni kwamba usemi huo wakusanya vitendo vitatu vilivyo mbalimbali: kurudishia faili moja lililopotea, kusakinisha mfumo juu ya ule uliopo, mafaili ya mwenyewe yakibaki, na kufuta diski nzima kisha kusakinisha. Mteja asikiapo neno moja hukubali moja, hajui kwamba amekubali la tatu. Nusura orodha zangu za Kizanaki zipotee, si kwa ubaya wa fundi, ambaye alijibu kwa uaminifu alipoulizwa, bali kwa ufinyu wa neno.

Istilahi hatukuzikosa. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967, na mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Windows XP nayo ilipata kiolesura cha Kiswahili, ambacho kilikuwa ni ganda lililovikwa juu ya mfumo wa Kiingereza. Ndiyo maana mwenye mashine yenye sura ya Kiswahili alipaswa kutafuta mafaili ya kiini katika diski ya Kiingereza. Lakini juhudi hizo zilishughulika zaidi na maneno yaonekanayo juu ya kioo, kama faili, hifadhi na chapa. Maneno ya fundi na mteja wake, yasemwayo mezani mashine ikiwa imekufa, hayakupata mlezi. Napendekeza basi tutenge: "kurudishia faili", "kusakinisha juu", na "kufuta na kusakinisha". Yote ni maneno yaliyokuwamo katika lugha. Hapana hata moja lililotungwa.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Faili lilikuwa katika mashine, na maneno yamo katika lugha. Wenye kujua semi nyingine za mafundi wa Mara au wa kwingineko nawaomba wazilete, ili orodha hii fupi itimie.