Usinunue kutu kwa bei ya mashine!

Wakazi wa Kiongoroni na delta nzima ya Rufiji wanaijua adha hii: shafti ya boti ikilika, ni safari ya kwenda mjini kwa mkerezaji. Si jambo jipya. Mwaka 1914 manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha humo humo kwenye mikoko ikiwa mbovu. Vipande vya boila vikaburutwa nchi kavu hadi Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikarudishwa.

Sasa kijana umeona mashine ya kukereza vyuma, mtumba, ukadhani umeula. Taratibu, bwana! Rangi mpya isikuzuge. Pitisha kidole kwenye reli zake, karibu na kichwa kinachokamata chuma. Hapo ndipo hulika kwanza. Kizungushe kwa mkono, usikilize beringi. Uliza mota: ikiwa ya fezi tatu na nyumbani una fezi moja, jiandae kwa gharama nyingine.

Ukishanunua, toa kutu kwa mafuta ya taa na brashi. Msasa usiguse reli. Ukizikwangua, shafti zako zote zitatoka kombo. Ifunge kwenye zege, uilinganishe kwa pima maji. Upepo wa pwani una chumvi, hivyo ipake oili kila jioni.

Na jamani, usiwashe ufunguo ukiwa bado kichwani, wala usivae glavu au mikono mirefu. Mashine haijui kuomba radhi. Boti itangoja, mkono hauuzwi mtumbani.